Boksi la sabufa kwa spika isiyo na vipimo kamili

Nyuma ya sumaku ya spika hii kuna kibandiko: inchi 12, omu 4, wati 1200, 20 Hz hadi 500 Hz. Maelezo yanaishia hapo. Hakuna karatasi ndani ya katoni, hakuna namba ya toleo inayotafutika, na aliyeiuza alikuwa tayari kuzungumzia rangi ya koni tu. Ukitaka kujitengenezea sabufa ya kuangalizia filamu nyumbani, uwezekano mkubwa ni kwamba na yako iko hivyo hivyo, na unajiuliza boksi liwe la lita ngapi.

Kibandiko hakitakujibu. Omu 4 ni kweli kwa kukadiria. Wati 1200 ni tangazo. Hiyo "20 Hz hadi 500 Hz" haina maana kabla spika haijaingia kwenye boksi, kwa sababu boksi ndilo linaloamua 20 Hz isikike au ipotee. Hata inchi 12 haitoshi: spika mbili za inchi 12 zinaweza kudai boksi tofauti kabisa, moja lita 30 na nyingine lita 120, na ukiziweka pamoja mezani usizitofautishe.

Niseme mapema ninakoelekea. Pima kile kinachopimika kwa vifaa vya kawaida, halafu chagua aina ya boksi ambayo haitakuadhibu kwa kile ulichopima vibaya. Boksi hilo ni lile lililozibwa pande zote, lisilo na bomba la hewa. Wapenzi wa mabomba watanuna, lakini nina sababu na nitazitoa zikifika zamu yake.

Namba tatu zinazotafutwa

Hesabu zote za boksi tunazotumia leo zinatokana na kazi ya Neville Thiele wa Australia, aliyeandika juu ya maboksi yenye bomba mwaka 1961, na Richard Small aliyeiendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vipimo vya spika huitwa kwa majina yao hadi leo. Viko vingi, lakini boksi linahitaji vitatu.

Fs ni frikwensi (idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayoandikwa kwa Hz) ambayo koni hupenda kutetemeka yenyewe ikiwa hewani, bila boksi. Qts inaeleza jinsi mtetemo huo unavyodhibitiwa: ikiwa ndogo, sumaku imeikamata koni barabara, ikiwa kubwa, koni inaendelea kucheza baada ya sauti kukoma. Qts ina sehemu mbili ndani yake, Qes ya umeme na Qms ya mpira na kitambaa kinachoishika koni. Ya tatu ni Vas, yaani ujazo wa hewa ambayo ulaini wake unalingana na ulaini wa mpira na kitambaa hicho. Vas si ukubwa wa boksi. Nimeona watu wakisoma "Vas lita 73" na kwenda moja kwa moja kukata mbao za lita 73. Wakati mwingine hesabu huangukia hapo, lakini ni kwa bahati.

Kama karatasi yako ina namba chache, usiitupe. Qes na Qms zikiwepo, Qts ni zao lao ukigawanya kwa jumla yao. Ukipewa Fs, uzito wa koni (Mms, kwa kilo), nguvu ya sumaku (BL) na ukinzani wa koili (Re), basi Qes = 6.28 × Fs × Mms × Re ÷ (BL × BL). Programu ya bure ya WinISD itakufanyia hesabu hizi ukijaza chache na kuiachia nyingine, na namba zikipingana itakuonyesha kwamba zinapingana. Hilo la kupingana ni la kuzingatia. Karatasi ambayo Qts yake hailingani na Qes na Qms zake huenda imenakiliwa kutoka kwa spika nyingine, na mimi hapo huacha kuiamini yote, nikapima.

Kupima Fs na Qts

Vifaa: maltimita, amplifaya yoyote inayofanya kazi, simu yenye programu ya kutoa toni inayokubali sehemu za desimali, resista ya omu 1000, resista ya omu 10, rula, mzani wa jikoni, na udongo laini ule wa kuchezea watoto.

Kabla ya kununua chochote, tazama maltimita yako upande wa volti za AC. Mita nyingi za bei ya chini zina AC ya volti 200 na volti 750 tu. Hizo hazifai hapa, kwa sababu tutasoma milivolti. Unahitaji yenye AC ya milivolti 200 au volti 2, au inayojichagulia yenyewe. Ukiwa na kompyuta yenye kadi ya sauti, programu ya Room EQ Wizard hupima impidansi (ukinzani wa spika unaobadilika na frikwensi) na kuchora grafu yote bila wewe kuhangaika na mita. Mimi bado nashauri ufanye kwa mkono angalau mara ya kwanza, ili grafu ikija kukudanganya siku moja uitambue.

Spika ikiwa mpya kabisa, iache icheze toni ya 20 Hz kwa saa kadhaa, sauti ya wastani, koni ikionekana kusogea lakini isigonge. Mpira na kitambaa vya spika mpya ni vikavu, na Fs hushuka vikilainika.

Anza na Re. Gusanisha ncha mbili za mita na usome: labda 0.3. Huo ni ukinzani wa waya zake. Sasa gusa spika: 3.8. Toa 0.3 unabaki na 3.5, ndiyo Re. Ukisahau kutoa, kosa hilo linakuja kukaa ndani ya kila hesabu inayofuata. Kama spika ina koili mbili, ziunganishe zote mbili kwa namna utakayotumia mwishoni, mfuatano au sambamba, ndipo upime. Ukipima koili moja huku nyingine ikining'inia, Qes itatoka mara mbili ya ile halisi na boksi lote litaharibika kwenye karatasi.

Spika isilale kifudifudi mezani. Ibane wima kwenye ukingo wa meza nzito kwa klampu, ukishika fremu, koni ikitazama upande na nyuma ya sumaku pakiwa wazi. Ikitikisika na meza, usomaji unatikisika nayo.

Unganisha waya hivi: kutoka amplifaya, kupitia resista ya omu 1000, kisha spika, kurudi amplifaya. Zima besi, trebo, na kichujio chochote. Kwanza toa spika, weka resista ya omu 10 mahali pake, cheza toni ya 50 Hz na upandishe sauti hadi mita isome milivolti 100 juu ya resista hiyo ya omu 10. Tangu hapo kila milivolti 10 ni omu 1, na kitufe cha sauti hakiguswi tena. Resista kubwa ya omu 1000 ndiyo inayoshikilia mkondo usiyumbe. Spika ikifika omu 40 mkondo hupungua kwa takriban asilimia 3 tu, na hiyo tunaimeza. Mita za kawaida pia huwa hazikutengenezwa kwa 20 Hz. Rudia kipimo cha omu 10 ukiwa kwenye 20 Hz. Kama mita inasoma 96 badala ya 100, unajua kiasi cha kurekebisha.

Rudisha spika. Anzia 10 Hz na upande polepole huku ukitazama mita. Kwa hii yangu, chini kabisa inasoma milivolti 45 hivi, halafu inaanza kupanda, inapanda kwa kasi kuanzia 20 Hz, na kufika 420 karibu na 28 Hz kabla ya kuteremka. Kileleni hapo mita karibu haibadiliki kwa nusu Hz nzima, kwa hiyo kilele chenyewe si mahali pazuri pa kusomea Fs. Mabega ya kilele ndiyo yanayosema kweli, kama utakavyoona.

Milivolti 420 ni omu 42. Gawanya kwa Re: 42 ÷ 3.5 = 12. Kipeuo cha pili cha 12 ni 3.46. Zidisha kwa Re: 3.5 × 3.46 = omu 12.1, yaani milivolti 121. Sasa tafuta frikwensi mbili, moja chini ya kilele na moja juu yake, ambapo mita inasoma 121. Hapa nimepata 21.1 Hz na 37.2 Hz. Zizidishe na uchukue kipeuo cha pili: 28.0. Hiyo ndiyo Fs, na ikiachana na kilele ulichoona kwa zaidi ya 1 Hz, kuna kitu kimelegea. Aghalabu ni klampu.

Qms = Fs × 3.46 ÷ (37.2 − 21.1) = 6.0. Qts = 6.0 ÷ 12 = 0.50. Qes = 6.0 ÷ 11 = 0.55.

Umemaliza mbili kati ya tatu, na hizi mbili huwa zinatoka vizuri. Vas ndiyo yenye ukaidi.

Vas, kwa udongo na mzani

Ukiongeza uzito kwenye koni, Fs inashuka, na kiasi cha kushuka kinafichua uzito wa koni yenyewe. Pima gramu 100 za udongo kwa spika ya inchi 12 (kwa inchi 8, gramu 30 hivi zinatosha), uufinyange kuwa mkufu mwembamba na uubandike kuzunguka kofia ya katikati, sawasawa pande zote. Ubonyeze ushike kweli. Udongo uliolegea pembe moja hutoa mlio wa kukwaruza, na usomaji unaopatikana hapo ni wa kutupa.

Tafuta Fs upya kwa njia ile ile ya mabega. Yangu imeshuka hadi 21.7 Hz. Gawanya ya zamani kwa mpya: 28 ÷ 21.7 = 1.29. Izidishe yenyewe kwa yenyewe: 1.665. Toa 1: 0.665. Gramu 100 ÷ 0.665 = gramu 150. Huo ni uzito wa koni, koili na hewa inayosukumwa.

Ulaini wa springi yake, Cms = 1 ÷ (39.5 × Fs × Fs × Mms). Weka Mms kwa kilo, yaani 0.150, na unapata 0.000215.

Inabaki eneo la koni. Pima kipenyo kutoka katikati ya mpira wa upande mmoja hadi katikati ya mpira wa upande wa pili. Usipime koni peke yake wala fremu nzima. Nimepata sentimita 25, eneo ni mita za mraba 0.0491. Vas kwa lita = 141,000 × eneo × eneo × Cms × 1000. Jibu: lita 73.

Kipenyo kinahitaji macho mawili hasa. Ukikosea kwa nusu sentimita tu, Vas inahama kwa asilimia 8 hivi, kwa sababu kipenyo kinaingia kwenye hesabu mara nne. Ongeza na udongo usioshika vizuri, na kosa la asilimia 20 si ajabu. Likumbuke hilo hadi tufike kwenye boksi.

Kuna njia ya kujihakiki. Ufanisi wa spika = 9.64 × 10⁻¹⁰ × Fs × Fs × Fs × Vas ÷ Qes, ambapo Vas ni kwa lita. Kwa namba hizi ni 0.0028, na ukigeuza kuwa desibeli ni karibu 86.6 kwa wati 1, umbali wa mita 1. Kwa sabufa ya koni nzito inayoshuka hadi 28 Hz, hiyo inaingia akilini. Ingetoka 97 ningerudi mwanzo. Na kibandiko kikisema desibeli 97 huku vipimo vyako vikisema 87, amini vipimo vyako. Koni nzito, boksi dogo na sauti kubwa kwa wati chache haviji pamoja, aandike nani anavyotaka.

Kwa nini boksi la kuziba

Kipimo cha haraka: Fs ÷ Qes. Ikitoka 50 au chini, spika inapenda boksi la kuziba. Ikipita 100, inapenda bomba. Yangu ni 51. Hata ingekuwa 75, kwa spika isiyo na karatasi ningeziba vile vile.

Ndani ya boksi lililozibwa, hewa inaongeza ugumu wa springi. Fs inapanda na kuitwa Fc, na Qts inapanda na kuitwa Qtc. Qtc = Qts × kipeuo cha pili cha (1 + Vas ÷ Vb), ambapo Vb ni ujazo wa boksi. Fc inapanda kwa kiwango hicho hicho. Qtc ya 0.71 ndiyo inayotoa sauti iliyonyooka bila kibonde wala nundu. Kwa spika hii, lita 73 zinatoa Qtc 0.71 na Fc 40 Hz. Lita 60 zinatoa 0.745 na 42 Hz. Lita 40 zinatoa 0.84 na 47 Hz. Lita 30, Qtc inafika 0.93 na Fc 52 Hz, na hapo besi inaanza kuwa na kishindo kimoja kisichobadilika, milipuko yote ya filamu ikifanana.

Nachukua lita 60. Sasa lete lile kosa la asilimia 20. Tuseme Vas ya kweli ni lita 58: Qtc inakuwa 0.70. Tuseme ni lita 88: inakuwa 0.79. Kati ya hizo mbili, nundu kubwa kabisa unayoweza kupata haifiki desibeli 0.2. Hakuna sikio litakaloisikia ndani ya chumba chenye kochi na mapazia. Umekosea kwa asilimia 20 na boksi limetoka zuri.

Boksi lenye bomba halina upole huo. Chini ya frikwensi ya bomba, koni inabaki bila hewa ya kuishikilia na inaruka ovyo, na filamu zina sauti nyingi huko chini, hata chini ya 20 Hz. Kama hujui koni inaweza kusogea milimita ngapi, na kibandiko chetu hakijasema, unacheza kamari na koili. Ukitaka bomba hata hivyo, urefu wake kwa sentimita ni 23,562 × kipenyo × kipenyo ÷ (Fb × Fb × Vb) − 0.73 × kipenyo, ukiwa na kipenyo cha bomba kwa sentimita, Vb kwa lita, na Fb ikiwa frikwensi ya bomba kwa Hz. Boksi la lita 100, Fb 25 Hz, bomba la sentimita 10: urefu ni sentimita 30. Linaingia. Lakini bomba hilo kwa spika ya inchi 12 litapiga miluzi ukipandisha sauti, maana hewa ndani yake isizidi mita 17 hivi kwa sekunde. Weka la sentimita 15 na urefu unaruka hadi sentimita 74. Litafute mahali pa kulala ndani ya boksi hilo. Na usiwashe bila kichujio kinachokata chini ya Fb.

Kukata na kuunga

Lita 60 ni za hewa inayobaki baada ya vitu vyote kuingia. Spika ya inchi 12 inakula karibu lita 3. Unaweza kupima sumaku na kikapu chake ukapata ya kwako. Kiunzi cha ndani kinakula lita 1 na nusu hivi. Kwa hiyo vipimo vya ndani viwe takriban lita 65: upana sentimita 40, urefu wa kusimama 45, kina 36.

Kwa MDF ya milimita 18, kata hivi: uso wa mbele vipande viwili na mgongo kipande kimoja, vyote 43.6 × 48.6, juu na chini 43.6 × 36. Ubavu mbili 45 × 36. Uso ni vipande viwili vilivyogandishwa kwa sababu ndio unaobeba spika na ndio uliotobolewa. Kiunzi ni kipande cha 40 × 45 kilichokatwa dirisha la 30 × 35 katikati, kikae nusu ya kina na kushika kuta nne. Sumaku inapita kwenye dirisha hilo. Kama sumaku ina tundu la kupumulia nyuma, liachie angalau sentimita 5 hadi mgongo. Plaiwudi nzuri inafaa pia na ni nyepesi kubeba.

Utasikia kwamba boksi la mraba ni mwiko kwa sababu ya mawimbi yanayosimama ndani. Kwa spika za sauti za watu, sawa. Kwa sabufa, upande mrefu wa sentimita 45 una wimbi lake karibu na 380 Hz, na sabufa tunaikata 80 Hz au 120 Hz. Tengeneza umbo linaloingia pembeni mwa kochi lako, usihangaike.

Gundi ya mbao ndiyo inayoshika. Skrubu ni za kubana hadi gundi ikauke. Kila kiungo cha ndani kipitishie utepe wa silikoni na uuache ukauke siku nzima kabla ya kuweka spika, maana mvuke wa silikoni mbichi unaweza kula gundi ya koni. Spika ifungwe kwa bolti na nati za meno zilizopigwa kutoka nyuma ya uso. Skrubu za mbao kwenye MDF hulegea zikifunguliwa mara chache, na wewe utaifungua spika hii tena. Chini ya fremu pitisha ukanda wa sponji, na tundu la waya lizibwe kama mengine.

Jaribu uvujaji: sukuma koni ndani kwa vidole vya mikono miwili, kwa usawa, ishikilie hapo sekunde chache, kisha iachie. Irudi polepole. Ikirudi haraka kama ilivyokuwa mezani, kuna upenyo. Cheza toni ya 30 Hz na utembeze kiganja kilicholowa kwenye viungo. Hewa utaisikia kwenye ngozi kabla ya masikio.

Pima tena, ndani ya boksi

Hatua hii wengi huiruka, na kwangu ndiyo inayofidia karatasi iliyokosekana. Rudia kipimo cha resista na mabega, safari hii spika ikiwa ndani ya boksi. Matokeo sasa ni Fc na Qtc za kweli, zisizotegemea udongo wala kipenyo. Tunatarajia karibu 42 Hz na 0.745. Kuna ulinganisho mzuri wa kushika kichwani: Fs ÷ Qts ya spika hii ni 56, na Fc ÷ Qtc nayo inatakiwa iwe karibu 56. Ikienda mbali, tafuta upenyo kabla ya kulaumu hesabu.

Qtc ikitoka juu, tuseme 0.82, jaza boksi pamba ya mito ile ya poliesta, anza na nusu kilo, mbali na tundu la sumaku. Hewa ndani ya pamba hufanya boksi lijione kubwa zaidi, mara nyingi kwa asilimia 10 hadi 20. Pima tena. Qtc ikitoka chini kuliko ulivyotaka, gandisha vipande vya mbao ndani kupunguza ujazo. Ndiyo maana ukiwa na shaka kati ya lita 55 na 65, jenga 65. Kupunguza boksi ni kazi ya dakika chache. Kulipanua ni kununua ubao mwingine.

Fc ya 42 Hz isikutishe kwamba 25 Hz haitasikika. Boksi la kuziba linashuka taratibu, desibeli 12 kwa kila oktava (yaani kila frikwensi inapopungua kwa nusu), na chumba kinarudisha sehemu ya hiyo. Chumba chenye upande mrefu wa mita 5 kinaanza kusaidia chini ya 34 Hz hivi, zaidi kikiwa na kuta ngumu na mlango uliofungwa. Weka sabufa karibu na kona, na mpaka wa kukata kwenye resiva uwe 80 Hz. Njia ya sauti nzito ya filamu, ile ".1", hufika 120 Hz, iachie ipite yote.

Linabaki swali la milimita za koni, ambalo hatujalipima. Ukishuka oktava moja kwa sauti ile ile, koni inatakiwa isogee mara nne. Spika hii ikisogea milimita 10 kila upande inatoa karibu desibeli 94 kwa 20 Hz umbali wa mita 1, na karibu 106 kwa 40 Hz. Kwa hiyo kikomo kipo huko chini, na kinatafutwa hivi: kata spika nyingine zote, cheza 20 Hz safi kwa sauti ndogo, pandisha kidogo kidogo. 20 Hz safi ni vigumu kuisikia. Utahisi msukumo na utaona koni. Pale toni inapoanza kusikika wazi kama noti, hiyo si 20 Hz tena, ni 40 na 60 zinazozaliwa na koni iliyofika mwisho wa mwendo wake. Shusha hadi zipotee, shusha kidogo tena, na utie alama ya kalamu kwenye kitufe cha amplifaya mahali hapo. Ukibadilisha amplifaya, rudia zoezi.